Shubiri Moja ya Ziada

Mimi nilitaka gari la kubebea mashuka. Baba yangu alitaka gari la kumbeba yeye mwenyewe siku atakapokufa. Kila mtu alikuwa na mahesabu yake, na bahati mbaya pesa zilikuwa zangu na baba alikuwa wangu vilevile.

Naomba nieleze kabla hujanicheka. Naitwa Fadhila, nauza mashuka na mapazia Makoroboi, hapa Mwanza mjini, na siku za gulio napeleka mzigo Misungwi. Kwa miaka mingi nilikuwa nakodi kirikuu, vile vipikapu vidogo ambavyo madereva wake hujiona marubani. Ukimwambia alfajiri, anakuja jua limepanda. Ukimwambia afunike mzigo, anakujibu kwamba mvua haipo, huku wingu limekukalia kichwani. Daraja la Kigongo lilipofunguliwa, na watu wakaanza kwenda Sengerema na Geita kama wanavyokwenda dukani, niliona nami nina haki ya kushika usukani wangu. Nilitaka gari la juu, dogo, lisilo na uchu wa mafuta, lenye viti vya nyuma vinavyolala na buti la kumeza marobota mawili ya mashuka. Basi, sikuomba meli.

Nilipomwambia baba, Mzee Mbaruku, aliweka kikombe chini akauliza swali moja tu.

"Litanitosha nikilala?"

"Ukilala wapi, baba?"

"Nyuma. Nikiwa nimenyooka."

Sikuuliza tena. Nilijua anazungumzia safari gani, nikakasirika palepale, kwa sababu mimi hasira hazinipigii hodi. Nilimwambia gari ni la biashara. Akasema biashara ni nzuri, na siku moja katika biashara zangu zote nitampa yeye nafasi, na ndiyo maana anauliza mapema.

Mama yangu, Mwaija, amezikwa Busisi, ng'ambo ya maji, kwao. Alikuwa amekwenda kumuuguza mdogo wake, Mama Mdogo Yasmin. Mgonjwa alipona, muuguzi akafa. Aliamka na maumivu ya kichwa, na mchana haukumkuta. Sisi tulipata habari tukiwa Mwanza, tukakodi gari, tukafika Kigongo tukakuta ziwa limechafuka na vivuko vimefungwa. Foleni ya magari ilikuwa imejipanga mpaka kule juu kwa wauza mahindi, na Busisi tunaiona mbele yetu, mpaka mabati ya nyumba tunayaona yakimetameta.

Wajomba zangu walipiga simu. Walisema wameshamkosha, wameshamvika sanda, na sasa wanamuuliza mumewe: wangoje au wasingoje? Kwetu maiti hacheleweshwi, na siku ile hakuna aliyejua ziwa litatulia lini. Baba alikaa na simu sikioni, macho majini, muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Msimcheleweshe."

Tulivuka kesho yake. Kaburi lilikuwa limeshamaliza kazi yake, udongo umeshaanza kukauka juu. Baba alikaa siku za matanga akipokea pole kama mgeni aliyechelewa shughuli, akarudi Mwanza, na tangu siku hiyo hakuvuka tena. Mimi nikienda kuzuru, yeye hunisindikiza mpaka mlangoni na kunipa salamu za mama, naye huwa anangoja nirudi nazo za huko. "Mimi sijamzika Mwaija," aliniambia mara moja. "Nilimruhusu tu."

Kwa hiyo wasia wake ulikuwa mmoja, na ameutoa mbele ya kila mtu mwenye masikio: akifa alazwe Busisi, ubavuni kwa mkewe. Sheikh wa mtaani kwetu Mbugani alimweleza kwa upole kwamba mtu huzikwa anapofia. Baba alimsikiliza, akamshukuru, akarudia wasia uleule. Magari ya kukodi hakuyaamini. Alisema wenye magari wana mwiko na maiti, watazungusha maneno, na yeye hataki mtu amngoje tena katika maisha yake wala baada ya maisha yake. Daraja lilipofunguliwa, na binti akataka kununua gari, yeye aliona mambo yote mawili yamefanywa kwa ajili yake. "Nikifa adhuhuri," alisema, "alasiri nimeshafika." Alilisema jambo hilo kwa furaha, na mimi niliyemtazama sikuwa na pa kuiweka furaha hiyo. Ndoa yangu ilivunjika zamani, mtoto sikujaliwa, nyumba ile ya Mbugani ni mimi na yeye. Mtu pekee aliyebaki nami alikuwa ananiulizia usafiri wa kuniacha.

Sasa, kuna jambo la kazi yake ambalo lazima ulijue. Baba alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, barazani kwetu, kabla magodoro ya sponji hayajaujaza mji. Na hakuwa anapima kitanda. Kitanda, alisema, hakina mgongo. Alikuwa anamlaza mteja juu ya mkeka, barazani, anapiga mstari wa chaki utosini na mwingine kwenye visigino, kisha anafungua kiganja chake na kuongeza shubiri moja. Hiyo shubiri ilikuwa ya kujinyoosha, kwa sababu mtu akipata usingizi mzuri hurefuka. Wazee walilazwa, makarani walilazwa na tai zao, na mabibi harusi waliletwa na mashangazi wakalazwa wamefunikwa kanga gubigubi. Watoto wa mtaa tulikuwa tunachungulia tukicheka mpaka tunafukuzwa. Hakuna aliyewahi kurudisha godoro la Mzee Mbaruku kwa kusema limempelea.

Hivyo siku tuliyokwenda yadi ya magari, njia ya Igoma, nilipaswa kujua kitakachotokea. Mimi nilikuwa na marobota yangu mawili ndani ya bajaji, tayari kuyajaribu. Baba alikuwa na kipande cha chaki mfukoni mwa kanzu.

Muuzaji aliitwa Luhende, Msukuma mnene mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe. Alimwamkia baba shikamoo, kisha akaongeza salamu za Kisukuma, na baba akaziitikia zote kwa zamu. Gari lenyewe lilikuwa rangi ya majivu, la juu, fupi, na limesuguliwa likang'aa. Luhende alifungua mlango wa nyuma kwa madaha.

"Dada, hapa unaweka unachotaka. Tazama nafasi hiyo."

Nilitazama. Buti lilikuwa pana mdomoni, lakini magurudumu yalikuwa yameingiza mabega ndani kila upande, na sakafu ilikuwa juu kuliko nilivyodhani, kwa sababu chini yake limelala tairi la akiba. Mlango wenyewe ulikuwa umeinama kwa ndani huko juu, kwa ajili ya urembo. Nani aliyewaambia hawa watengenezaji kwamba mzigo nao unainama? Tuliingiza robota la kwanza, likakaa. La pili likagoma mpaka Luhende alipolaza viti vya nyuma. Hapo likaingia, na juu yake ikabaki nafasi ya mapazia, kama nikiyakunja kwa adabu. Moyo wangu ulitulia. Nilianza kutafuta kasoro, si kwa sababu zipo, bali ili bei ishuke.

"Yatoe," baba alisema nyuma yangu.

"Nini?"

"Marobota. Yatoe, zamu yangu."

Nilipogeuka alikuwa ameshavua makubazi na kofia, amevipanga pembeni kama anaingia msikitini. Luhende alidhani mzee amechoka akaenda kuleta kiti. Aliporudi nacho, baba alikuwa anaingia kwenye buti kwa magoti.

"Mzee wangu, hapo si pa kulala. Hapo ni pa mizigo."

"Ndiyo, nimekuja kama mzigo," baba alijibu, akajilaza chali.

Baba yangu ni mrefu. Katika picha zake za ujana kichwa chake kimepita wenzake wote, na uzee umempunguza kidogo tu. Kichwa alikielekeza mbele, karibu na kiti cha dereva, mikono akailaza ubavuni, akanyoosha miguu. Nyayo zilitoka nje ya gari. Zilikuwa nyayo nyeupe, safi, za mtu anayetawadha mara tano, nami nikajikuta nimezishika bila kujua kwa nini nimezishika.

"Chaki iko mfukoni," alisema. "Piga utosini, kisha upige mwisho wa sakafu, hapo panapofungwa mlango."

"Baba, watu wanatutazama."

"Piga chaki, mama."

Akiniita mama huwa siwezi. Nilipanda, nikapiga mstari juu ya mvi zake, kwenye zulia la gari, na mwingine kwenye ukingo wa mlango. Akajisogeza mshazari, kutoka kona hii kwenda kona ile. Miguu ikaingia yote. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoitumia kuomba chumvi, "Sasa funga, tuone."

Luhende alikuwa ameshaelewa. Aliniangalia, akapiga ishara ya msalaba.

"Dada, mnapimia maiti kwenye gari langu?"

"Bado hajafa."

"Ndiyo maana nauliza!"

Nilifunga. Kwa nini nilifunga, mpaka leo sijui. Nadhani nilitaka amalize, ashuke, twende nyumbani. Mlango ulishuka taratibu kisha ukabana. Kupitia kioo nilimwona baba yangu amelala, macho amefumba, mikono imenyooka, na uso wake umetulia utulivu ambao sijauona tangu kule Kigongo. Alikuwa amefika. Yeye alikuwa ameshavuka maji, yuko na mama, na mimi niko nje na marobota mawili ya mashuka.

Nilivuta mlango ufunguke, haukufunguka. Nilipapasa chini, juu, pembeni, sikuona kitasa. Nilipiga kioo kwa kiganja nikaita, "Baba! Baba!" kwa sauti iliyowatoa mafundi wa karakana jirani. Luhende alinisogeza, akabonyeza kitu fulani chini ya namba, mlango ukainuka. Baba alifumbua macho, akaniona ninalia mbele ya umma, akaonekana kushangaa kwa kweli.

"Unalia nini? Pamepelea tu," alisema. "Mshazari naingia, lakini mtu halazwi mshazari. Nikinyooka, panapelea shubiri moja."

"Sitaki kujua panapelea nini!" Nilipaza sauti mpaka koo likauma. "Miaka yote hii uko hai na hujakwenda kumwona! Daraja lipo, miguu unayo, na kiti cha mbele kipo. Unataka uende siku ambayo huoni, husikii, na mimi ndiye nikuendeshe! Umewahi kuniuliza kama nitaweza?"

Alivaa makubazi, akavaa kofia, akamshukuru Luhende kwa uvumilivu, kisha akakaa kwenye kile kiti alicholetewa. Luhende naye, Mungu ambariki, alimletea maji ya kunywa na akashusha bei bila kuombwa. Nadhani alitaka tuondoke na gari kabla jirani zake hawajajua lilipimwa nini.

Nililinunua. Baba alisema ni sawa, ni gari zuri la mashuka, na yeye siku ikifika watamtafutia kirikuu.

Wiki hiyo hatukuongea sana. Nilikwenda Misungwi, nikauza, nikarudi, nikaliegesha uani chini ya kamba za nguo. Jioni moja nilitoka kuanua nguo nikamkuta ndani ya gari. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, cha abiria. Alikuwa ameugundua ule mkono wa chini wa kusogezea kiti, amekirudisha nyuma mpaka mwisho, miguu ameinyoosha yote mbele yake. Alikuwa anaitazama kana kwamba si yake.

"Hapa nimeenea," alisema.

Nilisimama na nguo mikononi.

"Na shubiri imebaki." Alifungua kiganja akakiweka kati ya vidole vya miguu na ukuta wa gari, nione. "Siku hizi Busisi ni mwendo gani kutoka hapa?"

"Si mbali, baba. Unaondoka umekunywa chai, unafika bado hujaona njaa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Kesho yake asubuhi nilisikia mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni, mlio wa mkasi unaokata uzi mnene. Baba alikuwa barazani, ameliteremsha godoro lao la ndoa, lile pana alilolishona kwa mikono yake alipomwoa mama, na amelifumua pembeni. Sufi ilikuwa imetapakaa mkekani. Alikuwa ameitenga mafungu mawili na amekaa katikati yake, shazia mdomoni, ile sindano yake kubwa ya magodoro.

"Lilikuwa pana kwa buti," aliniambia. "Nalipunguza liwe la mtu mmoja."

"Godoro linakwenda wapi?"

"Linakwenda na mimi. Nahamia Busisi, kwenye chumba cha mama yako. Nimeshaongea na shemeji Yasmin, anasema funguo anazo, na paa halivuji."

Nilikuwa nimetaka aende kuzuru. Nilikuwa nimepiga kelele yadi nzima isikie kwamba aende. Sikuwa nimesema ahamie. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikamwambia ukweli wangu wote, bila kuupamba. Nilimwambia anamwacha aliye hai anamfuata aliyekufa. Nilimwambia nyumba hii nitaingiaje jioni, nikute taa imezimwa, nimwambie nani bei za leo. Nilimwambia kwamba mama amesubiri miaka yote hii na angeweza kusubiri kidogo tena.

Baba alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi.

"Wewe una gari, mama," alisema. "Yeye hana."

Nilikwenda ndani nikalia, na nilipotoka nilimshikia kitambaa asishone peke yake.

Tuliondoka Ijumaa, baada ya swala. Nilipakia mwenyewe. Godoro lilikunjwa likafungwa kwa kamba, likakaa upande mmoja kwa urefu. Pembeni yake sanduku la bati la nguo, kapu lenye mkasi, shazia na chaki, mswala, birika, redio. Nikarudi ndani kuchukua vingine. Hakukuwa na vingine. Nilisimama nyuma ya gari nikilitazama buti ambalo nililigombania kwa Luhende, nikalalamika kwamba ni finyu, kwamba magurudumu yameingiza mabega. Maisha yote ya baba yangu yalikuwa ndani yake, na robota moja la mashuka lingeingia bado. Nilitamani angekuwa na kabati, au kitanda cha chuma, au kitu chochote cha kunifanya niseme hapatoshi, turudishe, tupange siku nyingine.

Usagara, kwenye njia panda, nilikunja kulia. Baba alikuwa ameinyoosha miguu. Tulipokaribia Kigongo aliniomba nipunguze mwendo. Vibanda vya wauza samaki na mahindi vilivyokuwa vinaishi kwa foleni vilikuwa vimebaki vichache, na vingine vimebaki nguzo tu.

"Hapa," alisema, na kidole chake kikagusa kioo. "Gari letu lilisimama hapa. Mbele yetu lilikuwepo lori la ng'ombe."

Mimi lori nilikuwa nimelisahau. Yeye alikuwa amelitazama miaka yote.

Tukapanda darajani. Maji yalikuwa pande zote mbili, yametulia, yamejaa jua. Baba alijishika kwenye mpini wa mlango, midomo yake ikisoma kitu. Alikuwa bado anasoma tulipoanza kushuka na kibao cha barabarani kikapita, na nyumba, na mama mmoja anauza nyanya.

"Bado nini?" aliuliza.

"Tumeshavuka, baba."

"Tumeshavuka nini?"

"Maji. Hapa ni Busisi."

Aligeuka kwenye kiti akatazama nyuma, kupitia juu ya godoro lake, kule tulikotoka. Niliona mgongo wake unatetemeka. "Hiki tu, Fadhila?" alisema. "Ni hiki tu?" Niliegesha pembeni. Nililia na yeye, na magari yakapita yakitupigia honi, na hatukujali.

Kaburini mimi nilibaki nyuma kidogo, karibu na ua wa minyaa. Baba alichuchumaa, akasalimia, akasoma, akakaa muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya udongo. Sikusikia alichomwambia mama na sikujaribu kusikia. Baadaye nilimwona anafungua kiganja. Alianzia ukingo wa kaburi la mama akaanza kupima chini, kidole gumba kikikifuata cha mwisho, shubiri baada ya shubiri, mpaka minyaani. Kisha akajipima urefu wake upande wa pili, na alipofika mwisho akaongeza moja. Alinigeukia uso umefunguka.

"Panatosha," alisema.

Mama Mdogo Yasmin hamruhusu mtu kuondoka kwake na gari tupu, hiyo ni dini yake ya pili. Aliingiza viazi vitamu, akaingiza dagaa, akaingiza ndizi, akinisema kwamba nimekonda na gari ni zuri. Baba alitoka chumbani wa mwisho akiwa na mto. Ulikuwa mpya, wa kitambaa kilekile cha mistari cha godoro lao, na hata sikumwona alipoushona.

"Sufi ilizidi," alisema. "Upande wa mama yako nimeuweka kwenye godoro, nitaulalia mimi. Huu ni upande wangu. Ulalie wewe."

Aliuweka mwenyewe kwenye buti, juu ya viazi, akaufunga mlango. Alijua pa kubonyeza.

Nilivuka peke yangu. Nilipofika Kigongo, pale palipokuwa na lori la ng'ombe, nilisimama, nikautoa mto kule nyuma, nikauweka kiti cha mbele. Siku hizi nakwenda Busisi kila wiki, na mara zote namkuta baba mlangoni, amenyooka, amepata mteja mmoja au wawili wanaotaka magodoro ya sufi na ambao anawalaza mkekani.

Mistari ya chaki ilifutika wiki ya kwanza tu, kwa kuburuta marobota. Lakini kile kiti cha mbele bado kiko nyuma mpaka mwisho. Wenzangu wa Makoroboi nikiwapa lifti hulalamika kwamba wamekaa mbali kama waliokasirikiwa, wanainama na kupapasa chini wakitafuta mkono wa kukisogezea. Mimi nawaambia umekwama.